Mashine Haijui Shikamoo

Mwaka 2009, ukiwa umebaki mwaka mmoja tu nifikishe miaka sitini, tulikusanywa wastaafu watarajiwa kiasi cha arobaini katika ukumbi mmoja huko Kunduchi, tukafundishwa namna ya kustaafu. Siku ya kwanza tulielezwa habari za kiinua mgongo na hati zinazotakiwa. Siku ya pili tulielezwa habari za kufuga kuku. Siku ya tatu, alasiri, upepo wa baharini ukiingia madirishani na wazee wengi wakisinzia, alisimama mwezeshaji mmoja kijana, mwenye suti na sauti nzuri, akatuhadithia habari za Mwingereza aitwaye Steve Redgrave.

Mtu huyo, alisema, alikuwa bingwa wa kupiga makasia. Mwaka 1996 huko Atlanta, Marekani, baada ya kushinda medali yake ya nne ya dhahabu ya Olimpiki, aliwaambia waandishi wa habari kwamba amechoka kabisa, na kwamba yeyote atakayemwona tena karibu na mashua ana ruhusa ya kumpiga risasi. Miezi haikupita mingi akarudi. Mwaka 2000 huko Sydney, akiwa na umri wa miaka 38, akashinda dhahabu ya tano. Hapo mwezeshaji alinyamaza, akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema: "Wazee wangu, kustaafu kuko kichwani. Ukiamua kurudi, unarudi."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wengi, kwa sababu nilikuwa nauogopa mwaka uliokuwa unakuja.

Katika kurasa hizi nataka kuihakiki hadithi ile. Nilifundisha fasihi kwa miaka mingi kabla ya kupewa uongozi wa shule na baadaye wa chuo cha ualimu, na kila mwaka niliwaambia wanafunzi wangu kwamba utamu wa hadithi hautoshi. Msomaji mwema huuliza pia hadithi imemwacha nani nje. Siku ile ya Kunduchi sikuuliza. Niliimeza hadithi nzimanzima, nikatoka nayo, na baada ya miaka michache nikaitumia. Gharama yake aliilipa mtu mwingine.

Kwanza tuuelewe mchezo wenyewe, maana mwezeshaji wetu hakueleza hata kidogo. Sisi wa mwambao hatuwezi kusema kwamba kasia ni kitu kigeni kwetu. Kutoka Kunduchi na Mbweni, ukipita Mlingotini na Kaole, hadi Bagamoyo mjini na kupanda Saadani, mtoto hujua tofauti ya vitu vitatu. Pondo husukumia chombo katika maji mafupi. Kafi hushikwa kwa mikono mitupu, na mwenye kulivuta hutazama aendako. Kasia hutiwa katika kishwara ukingoni mwa chombo, na mwenye kulivuta huupa mgongo upande anaokwenda, macho yake yakibaki kule alikotoka. Mchezo wa Redgrave ni wa kasia. Mashua ni nyembamba mno, kiti cha kila mtu kina magurudumu madogo ili miguu nayo isukume, na safari ni meta 2,000 ya maji yaliyotulia. Wanaume wanne wenye nguvu huimaliza kwa muda usiofika dakika sita wakati hali ya hewa ni nzuri.

Wala watu wa Afrika Mashariki hawakosekani kabisa katika mchezo huo. Mganda Kathleen Noble, aliyekuwa mwogeleaji kabla ya kushika makasia, aliiwakilisha nchi yake katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, akarudi tena Paris mwaka 2024. Mkenya Asiya Mohamed Sururu, aliyepoteza miguu yake utotoni, alipiga makasia katika Paralimpiki ya Tokyo mwaka huohuo wa 2021. Kwa hiyo ninapomzungumzia Mwingereza sisemi juu ya viumbe wa sayari nyingine. Nasema juu ya watu ambao kazi yao mvuvi wa Mlingotini angeielewa kwa kuitazama dakika moja.

Sasa turudi kwenye hadithi. Mwezeshaji wetu hakusema uongo. Kila alichokitaja kilitokea. Ila aliacha mambo matatu, na mambo hayo matatu ndiyo yenye maana.

Jambo la kwanza ni mwili. Mwaka 1997, mara tu baada ya kurudi kwake, Redgrave aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa kisukari. Kabla ya hapo alikwisha kuwa na maradhi ya utumbo kwa miaka kadhaa. Alifanya mazoezi ya Sydney akijidunga sindano za insulini kila siku. Mwezeshaji angelitaja hilo, nadhani wazee wa Kunduchi wangezinduka usingizini, maana katika ukumbi ule waliokuwa na kisukari hawakupungua kumi. Lakini pia wangefahamu kwamba kurudi kwa mtu hakuko kichwani peke yake. Kichwa huamua, kisha mwili huulizwa, nao hujibu kwa lugha yake.

Jambo la pili ni kipimo. Katika mchezo ule jina la mtu halimpatii kiti. Ipo mashine ya kupigia makasia nchi kavu. Mtu huketi, huvuta, na mashine huandika muda wake kwa sekunde na sehemu za sekunde. Isitoshe, ipo njia ya majini. Mashua mbili za watu wannewanne hushindanishwa. Kisha husimama katikati ya maji, mtu mmoja wa mashua hii hubadilishana kiti na mtu mmoja wa mashua ile, wakashindana tena umbali uleule. Tofauti kati ya matokeo ya kwanza na ya pili ndiyo hukumu ya wale wawili. Hakuna hotuba wala barua ya mapendekezo. Redgrave, mwenye medali nne za dhahabu, aliishi chini ya vipimo vya namna hiyo kwa miaka minne, na mwaka ule wa mwisho haukumwendea vizuri. Katika majira ya joto ya mwaka 2000, wakati Sydney iko karibu kabisa, kikosi chao kilishindana huko Lucerne, Uswisi, kikashika nafasi ya nne. Nafasi ya nne! Mimi nilipolijua hilo, miaka mingi baada ya semina, ndipo nilipoithamini kwa mara ya kwanza ile dhahabu ya Sydney. Tarehe 23 Septemba 2000 waliwashinda Waitalia kwa sekunde 0.38, muda ambao haumtoshi mtu kusema neno "Italia". Ushindi mwembamba namna ile haumwambii mtu kwamba ukiamua unarudi. Unamwambia kwamba mtu huyu angeweza kukosa, alijua hivyo, na bado alikubali kupimwa.

Jambo la tatu, nalo ndilo lililoniuma, ni kiti. Mashua ya watu wanne ina viti vinne. Haiwezekani mtu arudi bila mtu mwingine kutoka au kukosa kuingia.

Sydney waliketi Redgrave, Matthew Pinsent, James Cracknell na Tim Foster. Lakini mwaka mmoja kabla yake, Foster alikuwa nje kwa sababu ya upasuaji wa mgongo, na kiti chake alikikalia kijana aitwaye Ed Coode. Mwaka huo wa 1999, Coode akiwa ndani, mashua ile ilitwaa ubingwa wa dunia. Mtu angedhani kiti hicho sasa ni chake. Foster alipopona, kocha Jürgen Grobler alimrudisha Foster, na Coode akashuka. Alikwenda Sydney katika mashua ya watu wawili pamoja na Greg Searle, wakashika nafasi ya nne, yaani wakarudi nyumbani mikono mitupu, na siku hizohizo dunia nzima ilikuwa inamshangilia Redgrave.

Kipo kipindi cha BBC kiitwacho Gold Fever, kilichoonyeshwa mwaka 2000, ambacho kilikifuatilia kikosi hicho hadi Sydney. Wapiga makasia wenyewe walipewa kamera wakajirekodi. Kama kazi ya usimulizi nakipa alama nyingi kuliko hadithi ya Kunduchi, kwa sababu ndani yake zimo siku mbaya. Lakini picha iliyobaki vichwani mwa watu ni moja. Mashua imekwisha kuvuka mstari, na Pinsent, aliyeketi mbali, anapanda na kutambaa mashuani ili amfikie Redgrave amkumbatie. Kati yao ameketi Foster, na Pinsent anampitia juu. Ni picha ya upendo mkubwa, sikatai. Walakini mimi kama mhakiki naiona pia kuwa ni picha ya namna tunavyosimulia. Foster naye alikuwa amerudi, tena kutoka kitanda cha upasuaji, na hadithi imepita juu ya mabega yake ikimkimbilia mwenye jina. Na Coode hayumo kabisa katika picha.

Nitamrudia Coode. Kabla ya hapo nataka nimtaje mtu wa upande wetu wa dunia, asije msomaji akafikiri kwamba kukubali kupimwa ni tabia ya Wazungu. Haile Gebrselassie wa Ethiopia hahitaji kutambulishwa. Alikuwa na dhahabu mbili za Olimpiki za meta 10,000, za mwaka 1996 na 2000, na mwaka 2008 huko Berlin alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 59. Tarehe 7 Novemba 2010, goti lilimsumbua katika marathoni ya New York, akajitoa njiani, akawatangazia waandishi kwamba anastaafu. Nakumbuka vizuri kwa sababu na mimi nilistaafu mwaka huohuo. Mwezi haukwisha, Haile akasema atakimbia tena. Nilifurahi kupita kiasi. Nikasema: huyu ndiye Redgrave wetu.

Mei 2012 alisimama kwenye mstari huko Hengelo, Uholanzi, katika mbio za meta 10,000, akitafuta nafasi ya kwenda Olimpiki ya London. Alikuwa na miaka 39. Akamaliza wa saba, na London hakwenda kushindana. Mtu aliyeuletea ukimbiaji wa nchi yake heshima kiasi kile hakupewa nafasi kwa heshima. Saa ilisema hapana, naye akakubali. Aliendelea kukimbia kwa kadiri ya nguvu zake, akaacha kabisa mwaka 2015. Katika semina za wastaafu kurudi huku hakusimuliwi. Mimi naona ndiko kurudi kulikokamilika kuliko kule kwa Sydney, kwa kuwa kunaonyesha upande wa pili wa kipimo, ule unaosema hapana.

Sasa nifike kwangu.

Mwaka uleule wa 2012 nilifuatwa nyumbani Bagamoyo na mmiliki wa chuo kimoja cha ualimu cha binafsi. Chuo hicho sikitaji jina, na hakikuwa na kosa lolote katika haya ninayoyaeleza. Mkuu wake alikuwa ameondoka, na kwa mwaka mzima na zaidi makamu wake alikuwa anakaimu. Kijana huyo hakuwa amefikisha miaka arobaini. Mmiliki alitaka mtu mwenye jina na mvi, ambaye wakaguzi wakimwona watasimama. Nilimwuliza kuhusu makamu. Akasema, "Atajifunza kwako, Mwalimu." Nikakubali mkataba wa miaka miwili.

Siku ya kupokewa kwangu nilihutubia wanachuo na wakufunzi. Nikasimulia habari za Redgrave, ruhusa ya kupigwa risasi, dhahabu ya tano, na kustaafu kuko kichwani. Makamu wangu aliketi mstari wa mbele. Alipiga makofi. Wakati ule sikuona ajabu yoyote kwamba namsimulia hadithi ya kiti mtu niliyemkalia kiti chake.

Mtaala wa elimu ulikuwa umebadilika. Tangu mwaka 2005 shule zetu za sekondari zilikuwa zimeingia katika ufundishaji wa kujenga ujuzi, na vyuo vya ualimu vilifuata. Mimi niliusikia mtaala huo kwa masikio ya mtu anayehesabu miaka yake ya mwisho kazini. Andalio la somo nililolijua lilikuwa na utangulizi, maarifa mapya, mazoezi na hitimisho. Andalio jipya lilikuwa na hatua iitwayo tafakuri, ambapo mwalimu huwaongoza wanafunzi waangalie walichojifunza na yeye mwenyewe apime somo lake. Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka wangu wa kwanza nilikwenda mwenyewe kumkagua mwanachuo mmoja wa kike katika shule moja ya msingi. Nilipoona neno "tafakuri" katika andalio lake nililikata kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni kwamba mwalimu hatafakari darasani, anafundisha. Nilimpa alama ndogo. Binti yule alirudia mazoezi ya kufundisha mwaka uliofuata, wenzake wakiwa wamekwisha kupata vyeti.

Hakuna aliyeniambia. Makamu aliliona daftari lile. Alikuja ofisini kwangu nalo, akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo, Mkuu." Nikaitikia marahaba, nikamkaribisha. Akazungumza juu ya mahindi ya jikoni na juu ya bomba la maji lililopasuka, akaondoka na daftari lake kwapani. Wanachuo nao walisema shikamoo. Wakufunzi walisema shikamoo. Katika miaka miwili ile nadhani niliamkiwa mara elfu kadhaa, na sikupimwa hata mara moja. Makamu alihama kabla ya mkataba wangu kwisha, akaenda kufanya kazi mkoa wa mbali. Habari za binti yule nilizipata kwa mwandishi wa ofisi siku ya kuagwa kwangu, akidhani nazijua.

Simlaumu mmiliki, na siilaumu shikamoo. Nimeipenda tangu utotoni na nitazikwa naipenda. Lakini shikamoo ni salamu, nasi tumeigeuza kuwa cheti. Mashine ya kupigia makasia haijui shikamoo. Ndiyo maana Redgrave aliweza kurudi kwa haki na mimi sikuweza. Yeye alikuwa na kitu cha kumwambia ukweli kila wiki. Mimi nilikuwa na watu wenye adabu.

Nikamkumbuka Coode. Je, alidhulumiwa? Nimelifikiria swali hili muda mrefu. Aliumia, bila shaka. Lakini alijua kwamba mwenzake alipimwa kama alivyopimwa yeye, na kwamba kipimo kile kingalipo kesho. Alibaki katika mazoezi. Mwaka 2004 huko Athens aliketi katika mashua ya watu wanne pamoja na Pinsent, Cracknell na Steve Williams, wakawashinda Wakanada kwa sekunde 0.08, akavaa dhahabu. Makamu wangu hakuwa na kipimo cha kungojea. Kwake yeye kiti kilichukuliwa na mvi, na mvi hazishindaniki.

Ni lazima niseme pia neno juu ya kushindwa, maana hadithi ya Kunduchi haikulipa nafasi. Mwingereza Helen Glover alishinda dhahabu mwaka 2012 na 2016, akaacha, akazaa watoto watatu, kisha akarudi, akifanya mazoezi ya mashine nyumbani watoto wakiwa wamelala. Tokyo, mwaka 2021, yeye na mwenzake Polly Swann walishika nafasi ya nne. Wasimulizi waliokuwa wameandaa makofi walibaki wameyashika mikononi. Kumbe mwanamke yule alikwisha kupata alichokiendea, yaani kiti alichokipata kwa haki na jibu la kweli la maji. Baadaye akarudi tena, na Paris mwaka 2024, akiwa na miaka 38, yeye na wenzake watatu walipata fedha, wakiwakosa Waholanzi kwa sekunde 0.18. Ukiihakiki hadithi yake kwa kuuliza tu "Je, alishinda?", utaona hasara mbili. Ukiuliza "Je, alipimwa?", utaona kazi ya heshima kuliko hotuba zangu zote.

Waswahili husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii huwaliwaza sana wazee, na mimi niliiandika kwa wino mzito katika shajara yangu ya mwaka 2012. Lakini uhunzi unaoendelea hauna lazima ya kuendelea mikononi mwa mhunzi yuleyule. Anaweza kuwa yule kijana aliyeshika mivukuto.

Katika miaka iliyofuata nilipata mazoea ya kwenda Mlingotini asubuhi kununua samaki na kuzungumza na wavuvi. Alikuwako mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa ngalawa kwa muda mrefu. Mtoto wa jicho ulimweka pwani kama miaka miwili, akatibiwa, akaona tena. Siku aliyorudi nilikuwapo. Nahodha sasa alikuwa mpwa wake. Kijana alisema, "Shikamoo, mjomba." Mzee akaitikia, "Marahaba." Kijana akamwambia, kwa sauti ileile ya adabu, "Mjomba, leo utafua maji." Akampa kopo.

Nilitazama uso wa mzee. Alilipokea kopo, akapanda, akaketi pale palipokuwa na maji, na ngalawa ikaondoka. Kaskazi ile yote alifua maji. Baadaye wakampa kamba ya tanga. Shikio hakulipata tena, na sikumsikia akilidai. Bahari haina adabu kwa mtu yeyote, na nadhani ndiyo sababu wavuvi wameweza kuzitenganisha salamu na kazi, jambo ambalo sisi wa maofisini limetushinda.

Makamu wangu nilionana naye mwaka 2019, katika msiba hapa Bagamoyo. Sasa ni mkuu wa chuo, na mvi zimeanza kumtoka. Baada ya maziko tulikaa kwenye jamvi chini ya mwembe. Nilimwambia kwamba nimekwisha kujua habari za daftari lile. Nikamwuliza kwa nini siku ile hakusema. Alitazama chini muda mrefu.

"Mwalimu," alisema, "ningekukagua kwa fomu gani?"

Nikamwomba radhi. Akasema yamepita. Nikamwuliza habari za binti yule, akasema anafundisha, tena vizuri. Sikuomba jina la shule yake, kwa kuwa niliona nitakuwa naomba kusamehewa kwa urahisi mno.

Siku hizi, mara mbili kwa wiki, nakwenda kusomesha watoto wa darasa la tatu katika shule moja ya msingi iliyo karibu na nyumbani. Naam, msomaji, nimerudi tena, wala sijidai kwamba tamaa hiyo imeniisha. Walimu ni wachache na watoto ni wengi, kwa hiyo sijamkalia mtu kiti. Lakini kabla ya kuanza nilimwomba mwalimu wa darasa, msichana ambaye baba yake nilimfundisha, aketi nyuma na fomu ya ukaguzi wa somo na aijaze. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nikamwambia kwamba bila fomu sitaingia, akaketi.

Aliandika kwamba sauti yangu inasikika vizuri na watoto wananipenda. Aliandika kwamba ubao haukupangwa, kwamba wasichana watatu wa nyuma hawakuulizwa swali hata moja, na kwamba muda wa somo ulikwisha kabla ya tafakuri. Kwenye nafasi ya tathmini ya jumla alisita, kalamu ikakaa hewani, akaniangalia, kisha akaandika: wastani.

Fomu ile ninayo. Wiki iliyofuata niliwauliza wale wasichana watatu kwanza.